Mwiko, cherehani au daftari: mradi gani utawakutanisha wenyeji na wakimbizi mtaani?

Swali hili hunijia karibu kwa sura ileile. Jumuiya ya kanisa, kamati ya msikiti au chama cha akina mama wameketi na kugundua kwamba nyumba ya tatu kutoka hapo wanaishi Wakongo, ya tano Warundi, na lile ghorofa la kona limejaa Wasomali na Waethiopia. Watoto wao wanakwenda shule pamoja na kurudi pamoja. Wazazi wanaishia kwenye "habari ya asubuhi" ya ngazini, basi. Kuna fedha kidogo zimechangwa, kuna ukumbi unaokaa bure Jumatatu hadi Ijumaa, na kuna watu watatu wanne wenye moyo. Sasa tufanye nini? Tufungue jiko? Tununue vyerehani? Tukodi kishamba? Tununue mpira na jezi?

Nimeishi mitaa ya mashariki ya Nairobi muda wa kutosha kuona kila moja ya hayo ikijaribiwa, na mara mbili nilikuwa ndani ya kamati mradi ulipokufa. Kwa hiyo simwandikii mfadhili mwenye gari lenye antena. Nakiandikia kikundi chenye laki moja au mbili za Kenya, na Jumamosi mchana.

Kipimo changu ni maswali mawili, na nimeyapata kwa kuumia. Nani atashika mwiko? Na nani atashika daftari? Mwiko ni kazi inayoonekana: kupika, kushona, kulima. Daftari ni hesabu na uamuzi. Mwenyeji akishika vyote viwili, mkimbizi amebaki kwenye foleni na sahani, na hiyo ni sadaka. Sadaka ina thawabu zake, lakini haiwafanyi watu kuwa majirani. Mkimbizi akishika mwiko na mwenyeji akashika daftari, hiyo ni ajira, tena mara nyingi ajira ya bei rahisi. Ninachotafuta ni mradi ambao mwenyeji ana haja na mgeni kama mgeni alivyo na haja naye.

Kwanza tazameni nchi mliyomo

Kabla ya kulinganisha jiko na cherehani, linganisheni sheria. Mradi unaoshangiliwa Kampala unaweza kumtia mtu rumande Kigoma.

Uganda ndiyo nyepesi zaidi. Sheria yake ya Wakimbizi ya 2006, pamoja na kanuni za 2010, zinamruhusu mkimbizi kutembea, kufanya kazi na kufungua biashara, na katika makazi kama Nakivale familia hupewa kipande cha ardhi, ingawa vipande hivyo vimekuwa vikipungua ukubwa kadiri watu wanavyoongezeka. Nchi hiyo inahifadhi zaidi ya watu milioni 1.7, hakuna nyingine Afrika inayoifikia.

Kenya iko katikati. Sheria ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, imefungua mlango wa kazi na biashara kwa maandishi, lakini mlangoni kuna foleni: kitambulisho cha mkimbizi, kibali cha kazi cha daraja la M, PIN ya mamlaka ya kodi (KRA), leseni ya kaunti, na kwa aliyesajiliwa Kakuma au Dadaab, karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Mpango wa serikali uitwao "Shirika", uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kuzigeuza kambi ziwe makazi ambamo wenyeji na wakimbizi watatumia shule, hospitali na soko moja. Kusudio ni zuri. Kanjo, yule askari wa kaunti, wa Jumanne asubuhi hajalisoma.

Tanzania ndiyo ngumu, na inauma kwa sababu haikuanza hivyo. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wakalima, wakalisha mikoa, wakalipa kodi, na hatimaye zaidi ya 160,000 wakawa Watanzania, vyeti vyao vikianza kugawiwa mwaka 2014. Lakini sheria ya 1998 inamtaka mkimbizi akae kambini, na masoko ya pamoja ya kambi kama Nyarugusu, ambako mwanakijiji alileta ndizi na mkimbizi akaleta nguo, yalikuja kufungwa. Wazee walituachia neno kwamba mgeni siku ya tatu apewe jembe. Hawakutuambia la kufanya jembe likiwa limefungiwa ofisini kwa mtu, linangoja mhuri.

Basi mkiwa Tanzania, nusu ya ulinganisho huu haiwahusu, na msimshawishi mtu avunje sheria kwa ajili ya mradi wenu: atakayelipa ni yeye. Mkiwa Kenya, someni kila kipengele mkijiuliza karatasi ni ya nani.

Jiko

Jiko ndilo huja kichwani kwanza, na kwa haki. Chakula hakihitaji mkalimani. Lakini neno "jiko" linaficha miradi mitatu isiyofanana hata kidogo: karamu, darasa na biashara.

Karamu ni ile siku moja ya "vyakula vya kwao". Mnaijua. Mahema, bendera, sahani ndogo ndogo, mgeni rasmi amechelewa. Wakimbizi wamepika tangu saa nane za usiku, wenyeji wamekula bure na kupiga picha. Jumatatu hakuna kilichobadilika, isipokuwa sufuria mbili zimepotea. Kwa fedha ile ile mngefanya mengi, na sisiti kusema hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote katika ukurasa huu.

Darasa la mapishi ni jambo jingine. London kuna Migrateful, iliyoanza 2017, ambako wakimbizi na wahamiaji hufundisha mapishi ya kwao na wanafunzi hulipa. Pale mkimbizi ni mwalimu, na mwenyeji ndiye anayeuliza "hivi ndivyo?" Ninaipenda sana fikra hiyo. Lakini inategemea mji wenye watu wanaolipa ili wafundishwe kupika. Githurai ukimwambia mtu alipe ili ajifunze kutwanga sombe, yaani majani ya muhogo, atakuuliza kama mtamlipa yeye kwa kutwanga.

Inabaki biashara. Na hapa Paris ina somo linalofaa kwetu kuliko la London. Refugee Food Festival ilipoanza huko mwaka 2016, haikujenga mgahawa. Iliomba migahawa iliyopo tayari iwaachie wapishi wakimbizi jiko kwa siku chache. Leseni ni ya mwenye mgahawa, vyombo ni vyake, wateja ni wake. Mpishi analeta mkono wake. Hoteli za mtaani kwetu zina siku zake za kulala pia. Tafuteni mwenye hoteli ambaye Jumapili hafungui, mpatane sehemu ya mauzo, na nusu ya vikwazo vya Kenya vimekwisha kwa sababu hamkufungua biashara mpya. Kitakachobaki ni cheti cha afya cha washika chakula, ambacho kila anayegusa sufuria hupimwa upya baada ya miezi sita. Msikipuuze, ndicho kisingizio cha kwanza cha kufunga mlango.

Pika nini? Kosa la jiko letu la kuazima lilikuwa hapa, na nalieleza lote. Tulianza na fahari: sombe iliyotwangwa kwenye kinu na kupikwa saa nyingi kwa mawese, makayabu (samaki wa chumvi), fufu. Siku ya kwanza watu walijaa, wengi wao wakiwa na hamu ya kuona. Mpwani mmoja alionja sombe akasema ni kisamvu kilichokosa nazi, akala sahani mbili. Wa bara waliuliza kama majani ya muhogo hayaui mtu (hayaui, yakitwangwa na kuchemshwa ipasavyo, na ndiyo maana hupikwa muda mrefu). Wiki ya tatu tulihesabu wateja kwa vidole. Watu wa mtaa wana shilingi mia ya chakula cha mchana na hawaitumii kujaribu bahati.

Kilichotuokoa ni mikate, yale maandazi ya duara ya Kikongo. Mama mmoja wa Uvira aliyekuwa jikoni alianza kuyakaanga saa kumi na moja alfajiri, akayauza kando ya chai ya maziwa kwa mafundi wanaokwenda mjengoni. Hakuna aliyeona ni chakula cha kigeni. Kwao lilikuwa andazi, ila tamu zaidi. Baadaye akaongeza mboga, akaandika ubaoni "lenga-lenga", na hakuna aliyenunua. Mwenye hoteli akamwambia, "Mama, andika terere." Zikaisha kabla ya saa saba. Mboga ni ileile, mchicha wa kawaida. Kilichobadilika ni jina. Kipengele hicho kidogo kilinifundisha kuliko semina zote: anayepika chakula ambacho mtaa tayari unakila anapata wateja, na akishakuwa na wateja ndipo anaweza kuwaonjesha vya kwao, taratibu, kijiko pembeni ya sahani.

Mambo mawili madogo yanayovunja majiko ya mchanganyiko. La kwanza ni imani. Jirani Msomali hatakula mahali asipojua nyama imechinjwa na nani, basi amueni bucha moja la halali tangu siku ya kwanza na mlitaje wazi. Mwethiopia wa Orthodox naye Jumatano na Ijumaa hagusi nyama wala maziwa. Siku hizo shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa kunde, na dengu zitawafaa ninyi nyote mfukoni. La pili ni pilipili. Mpishi Mkongo ataipenda akaitia kwenye chupa na kuiuza, nayo itauzika kweli. Lakini chakula kilichofungashwa kinadai alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na huo ni mlima mwingine. Iacheni mezani kwenye bakuli.

Kwa kipimo chetu: mwiko uko mikononi mwa mgeni, sawa. Daftari la jiko huwa na mwenye hoteli. Jiko ni kipato cha haraka kuliko vyote humu, pengine wiki ya kwanza, lakini halimpi mpishi sauti mpaka mpatane sehemu yake kwa maandishi.

Cherehani, na kazi kwa jumla

Mradi wa ufundi ndio wafadhili huupenda kwa sababu una picha ya mwisho: vyeti, makofi, safu ya vyerehani vyeusi. Ulinganisheni na jiko hivi: jiko huuza kesho, cherehani huuza baada ya miezi sita, na huuza kwa mtaa ambao mitumba imeshauvalisha. Wahitimu ishirini wa darasa moja watakaa barabara moja wakishindania zipu zilezile.

Halafu kuna swali ambalo hakuna anayeuliza: nani amesema hawajui kushona? Fundi wa Bukavu aliyevaa suti yake mwenyewe siku ya usajili anaweza kuwafundisha walimu wenu. Anachokosa ni meza, mashine, mteja na karatasi. Tulipoendesha mafunzo, wanafunzi watatu walikuwa mafundi wenye uzoefu wa miaka kumi waliokuja kwa sababu kulikuwa na nauli na chai. Nilijua mwezi wa nne. Aibu.

Kwa hiyo katika kundi hili naweka mafunzo chini na kuunganisha juu. Tafuteni fundi Mkenya mwenye kibanda chenye nafasi ya mashine ya pili. Mkimbizi analeta mshono wa kitenge ambao wateja wanautafuta harusini. Mwenyeji analeta leseni, wateja wa sare za shule na kujua nani wa kumwona kanjo akija. Hapo kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana. Kinyozi na msusi wanafuata njia hiyohiyo, na saluni ina faida ya ziada: watu hukaa saa tatu kwenye kiti wakizungumza.

Na msidhani mkimbizi huja tu kuongeza idadi ya wanaotafuta kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa mwaka 2014 taarifa kuhusu uchumi wa wakimbizi Uganda. Kampala walikuta asilimia 21 ya wakimbizi wana biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja, na kati ya walioajiriwa, asilimia 40 ni raia wa Uganda. Takwimu hiyo ningeiandika kwenye ukuta wa kila ofisi ya chifu.

Kuna wakati mafunzo yanafaa bado: kwa wasichana walioingia nchini peke yao, bila mzazi na bila ufundi. Kwao darasa ni mahali pa usalama kwanza, kazi baadaye. Nairobi shirika lililoanza 2008 kwa jina la Heshima Kenya, ambalo sasa ni RefuSHE, limewalea wasichana wa namna hiyo kwa malazi, masomo na kazi ya kutia rangi mitandio inayouzwa. Angalieni lakini upana wa huduma nyuma ya mtandio mmoja. Kikundi cha Jumamosi hakiwezi hayo, na kujaribu nusu yake ni hatari kwa watoto.

Shamba

Hapa nitakuwa mfupi, maana jibu linategemea ardhi na maji kuliko nia.

Nakivale au Kyangwali, shamba ni jambo la kwanza, kwa kuwa ardhi imetolewa na jirani Mganda naye ni mkulima. Mnaweza kununua mbegu pamoja na kuuza mahindi pamoja. Kalobeyei, karibu na Kakuma, makazi yaliyopangwa tangu mwanzo kwa ajili ya wakimbizi na Waturkana pamoja, watu wana vibustani vya mboga, lakini maji ndiyo bwana. Tena Mturkana ni mfugaji. Ukimkaribisha kwenye tuta la sukuma wiki umemkaribisha kwenye ndoto yako. Yeye na mkimbizi wanakutana sokoni kwenye kuni, makaa na mbuzi, na soko hilo si dogo: mwaka 2018 IFC, shirika la kundi la Benki ya Dunia, lilihesabu Kakuma zaidi ya biashara 2,000.

Nairobi, bustani ya magunia inafaa kwa mboga za nyumbani. Msikodi ekari. Kipande mlichokisafisha na kukiwekea mbolea, mwenye ardhi atakikumbuka.

Walio Marekani wana hadithi tofauti. Bustani ya New Roots kule San Diego ilifunguliwa 2009 kwa wakimbizi waliokuwa wakulima kwao, na katika miji mingi sasa Wakongo wanalima lenga-lenga na nyanya chungu na kuziuza. Huko kipande cha bustani kinamtoa mzee kwenye kochi, na hilo pekee linatosha kukianzisha. Anayetaka kazi aende kazini: aliyepokewa rasmi kama mkimbizi huruhusiwa kuajiriwa tangu anapofika, na ni yule anayeomba hifadhi akiwa tayari nchini ndiye anayengoja kibali.

Mpira na darasa la lugha

Vijana watawaambia mpira. Ni rahisi, hauhitaji leseni, na ni kweli unaweza kuzaa makubwa: YARID ya Kampala, iliyoanzishwa na vijana Wakongo mwaka 2007, ilianzia kwenye viwanja vya mpira na ikakua hadi madarasa ya Kiingereza na kazi za mikono.

Lakini kuna utafiti wa Iraq, wa Salma Mousa, uliochapishwa 2020 katika jarida la Science. Aliwachukua Wakristo waliofurushwa na kundi la ISIS, baadhi akawaweka timu moja na Waislamu. Uwanjani mambo yalibadilika: waliwapigia Waislamu kura za tuzo na wakajiandikisha tena timu za mchanganyiko. Nje ya uwanja, je? Kwenda kula kwenye mkahawa katika mji wa Waislamu, au kuhudhuria hafla ya pamoja, hakukuongezeka vya kutosha. Urafiki ulikaa ndani ya chaki. Basi mpira ni mlango mzuri. Wekeni kitu nyuma yake.

Lugha nayo inategemea ni nani. Mkongo wa Uvira na Mrundi wa Bujumbura wanaongea Kiswahili pengine safi kuliko cha watoto wetu wa Sheng. Wanachohitaji ni Kiingereza cha fomu. Mama Msomali au wa Sudan Kusini ndiye anayehitaji Kiswahili cha sokoni, na atakipata haraka akiwa na mtu wa kufanya naye biashara kuliko akiwa na ubao.

Daftari

Nimeliacha mwisho kwa sababu halina picha. Kikundi cha akiba. Chama.

Uzuri wake wa kwanza ni kwamba hakuna wa kufundishwa. Msomali ana ayuuto, Mwethiopia ana iqub, Msudan ana sanduk, Mnyarwanda ana ikimina, Mkongo wa Kinshasa ana likelemba, Mtanzania ana VICOBA na upatu, Mkenya ana chama. Waketisheni pamoja na kila mmoja atadhani wengine wamemwiga.

Namna ya sanduku, iliyoanza Niger mwaka 1991 kupitia shirika la misaada la CARE, ndiyo ninayoipendekeza. Watu kama ishirini, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa kila wiki, mikopo midogo, mfuko wa dharura, na mgawo baada ya miezi kumi hivi. Sanduku lina faida ambayo simu haina: wakimbizi wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki, na fedha za kikundi zikikaa kwenye laini ya namna hiyo ni ugomvi unaongoja siku. Kikundi kikikua, kisajilini rasmi. Kenya kuna sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022.

Mkilinganisha na jiko, chama hakileti kipato wiki ya kwanza. Mkilinganisha na cherehani, hakigharimu karibu chochote: sanduku, kufuli, madaftari. Lakini katika kipimo changu hakuna kinachokifikia, kwa maana daftari lenyewe linakuwa la wote. Mkenya akitaka karo ya Januari anaomba mkopo mbele ya Mrundi, na Mrundi ana haki ya kuuliza utalipa lini. Sijawahi kuona mahali pengine mtaani ambapo mkimbizi anamuuliza mwenyeji swali hilo akijibiwa kwa adabu.

Yapo ya kupatana kabla ya shilingi ya kwanza. Riba: Waislamu wengi hawataichukua wala kuitoa, basi ama mikopo iwe bila riba, ama kikundi kiwe cha mzunguko tu. Kuondoka: mkimbizi anaweza kupigiwa simu kwamba safari yake ya Kanada imewadia, na mwenyeji anaweza kuhama kwa kodi, andikeni anayetoka katikati anachukua nini. Idadi: nusu kwa nusu, wala msiruhusu upande mmoja uwe na funguo mbili bila kubadilishana. Na hofu itakuwapo pande zote. Wenyeji watanong'ona kwamba wageni watatoroka na sanduku. Wageni watanong'ona kwamba wenyeji wataita polisi. Semeni yote mawili kwa sauti siku ya kwanza, watu wacheke, yaishe.

Mahali ambapo kikundi cha akiba hakifai ni pale ambapo hakuna cha kuweka. Mwaka 2025 mgao wa chakula Kakuma ulipokatwa hadi watu wakaandamana, hisa za wiki zilikuwa anasa. Huko anzeni na biashara au chakula chenyewe.

Basi mchague nini

Mkiwa Nairobi, Nakuru au Mombasa na mna mwenye hoteli mmoja anayewaamini, anzeni na jiko la kuazima, na mwezi wa pili wapishi na majirani wafungue sanduku. Kama hamna mwenye hoteli, anzeni na sanduku. Mikopo yake ya kwanza itawaonyesha nani ana mkono wa biashara gani, na hapo hamtahitaji kukisia. Mkiwa Kampala, mnaweza kuruka hofu ya karatasi na kwenda moja kwa moja kwenye vibanda vya pamoja vya ushonaji na bitenge, lakini msimwache raia mwenye shida nje. Katika utafiti uliofanywa Kampala kwa kushirikiana na YARID, wafanyabiashara wadogo wa Uganda waliopewa ruzuku na kuambiwa imetokana na nchi yao kuwahifadhi wakimbizi walizidi kuunga mkono wageni hao. Mkiwa kijijini Nakivale, shamba. Mkiwa Kigoma, fanyeni kinachoruhusiwa ndani ya kambi kupitia mashirika yaliyomo, na nje ya hapo pazeni sauti kuhusu masoko.

Mkiwa na kikombe kimoja tu cha nguvu na hamjui muda mtakaodumu, msianzishe chochote kipya. Wapeni chama kilichopo nafasi kumi za wageni.

Sisi Jumamosi hii tunafungua sanduku kwa mgawo wa mzunguko wa tatu. Ufunguo wa pili anao mama wa Uvira, naye ametuma ujumbe kwamba atachelewa, mikate haijaisha na wateja bado wamesimama. Tumeshaketi. Tunamngoja.